Walezi wa Gikomba wanastahili asante yetu

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuwashukuru watu ambao ni nadra kutajwa biashara ndogondogo za Nairobi zinapozungumziwa. Hao ni walezi wetu, akina mama na wazee wa soko la Gikomba ambao mchuuzi wa mitumba akikwama humkalisha chini, wakapitia mahesabu yake shilingi kwa shilingi. Hawalipwi na hawana vyeti vya ushauri wa biashara. Wanaookolewa nao ni wengi, na tungependa wasomaji wajue kazi yenyewe hufanywa vipi.

Kinachowaangusha wageni sokoni huanza asubuhi ile ile robota, yaani furushi kubwa la mitumba, linapokatwa. Nguo bora kabisa, ambazo sokoni huitwa kamera, huchaguliwa mapema na kwa bei nzuri. Za kati huenda polepole. Mwisho hubaki fagia, yaani nguo duni zinazouzwa kwa bei ya chini kabisa. Tuchukue mfano wa robota la nguo za watoto la Sh15,000, ukiongeza Sh700 za mkokoteni na usafiri, lenye nguo 250. Kamera 50 zikiuzwa Sh200 kila moja, mchuuzi ana Sh10,000 mkononi kabla ya saa nne. Mgeni huziita faida, akalipa kodi ya nyumba na kumtumia mjomba. Kumbe huo ni mtaji unaorudi, na hata haujarudi wote.

Hapo ndipo mlezi humwambia, "Mwanangu, hizo pesa si zako, ni za robota lijalo." Kisha humwonyesha yaliyobaki. Nguo 120 za kati kwa Sh100 ni Sh12,000, na fagia 80 kwa Sh30 ni Sh2,400. Mauzo yote ni Sh24,400. Toa Sh15,700 za mtaji, unabaki na Sh8,700. Ikiwa kibanda, chakula cha mchana na posho yake mwenyewe hugharimu Sh500 kwa siku, robota likiisha kwa siku 10 anabaki na Sh3,700. Likikaa siku 20, zimeliwa Sh10,000, na ana hasara ya Sh1,300 ingawa kila nguo iliuzwa kwa bei aliyotaka.

Hesabu hii ya siku ndiyo zawadi kubwa kuliko zote wanazotoa wazee hawa. Mchuuzi anayekwama huwa anaing'ang'ania fagia akingoja bei ipande. Mlezi humwamuru azimwage chini na kuziuza Sh20. Atapoteza Sh800 kwa nguo zile 80, lakini kuzishikilia siku mbili zaidi kungemgharimu Sh1,000, na kibanda kingekuwa bado kimejaa vitu ambavyo mteja ameshavipita mara tatu.

Posho nayo huandikwa. Daftari la mkono linatosha: tarehe, mauzo, matumizi, posho, salio. Mchuuzi akijilipa Sh300 kwa siku, anachukua hizo tu, hata siku ambayo mauzo yamefurika. Asipoandika, jioni hawezi kueleza pesa zimeenda wapi, na kwa kawaida huishia kumshuku msaidizi wake bure.

Kuna shimo lingine ambalo vijana hawalioni. Wateja hulipa kwa M-Pesa kwenye nambari ya kibinafsi ya mchuuzi. Akiwa na deni la Fuliza, huduma ya M-Pesa ya kukopeshwa salio linapopungua, kila pesa inayoingia hukatwa papo hapo. Nguo imeondoka, mteja ameondoka, na Sh500 zimemezwa na deni la chakula cha juzi. Walezi husisitiza awe na nambari ya Lipa na M-Pesa ya biashara, ili mauzo yakae kando na azihamishe pesa kwa hesabu.

Kuhusu mikopo, huwa wanaandika madeni yote kwenye karatasi moja: anayedai, kiasi, tarehe, na gharama ya kuchelewa. Deni linaloongezeka kila siku hulipwa kwanza. Msambazaji wa marobota hufuatwa kabla ya siku ya ahadi kufika, na mara nyingi mlezi huandamana na mchuuzi, kwa kuwa neno la mtu anayejulikana sokoni lina uzito kuliko ahadi ya kijana peke yake. Baada ya hapo ndipo mkopo mpya unaweza kufikiriwa. Mkopo wa binafsi wa Hustler Fund, hazina ya serikali, uliozinduliwa Novemba 2022, hutoza riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ambayo ni nafuu, lakini hulipwa ndani ya siku 14. Unafaa robota linaloisha kwa siku 10. Haufai kabisa kununulia jaketi nzito mwezi wa Januari zikingoja baridi ya Juni na Julai.

Na kwa kuwa Gikomba huungua mara kwa mara, walezi hukataza pesa kulala kibandani na bidhaa zote kuwekwa mahali pamoja.

Kwa mama zetu na wazee wetu hao tunasema asanteni sana. Mmefanya kazi hii mkiwa na vibanda vyenu vya kuangalia na wateja wenu wakisubiri.

Ombi letu ni kwa wasimamizi wa hazina za serikali zinazokopesha vijana na wanawake, na kwa Kaunti ya Nairobi. Mafunzo yanayotolewa kumbini yana nafasi yake, lakini mkopaji wa mitumba apewe pia mlezi wa soko lake, wakae pamoja tangu robota la kwanza linapokatwa hadi fagia ya mwisho iishe. Mlezi huyo alipwe angalau sawa na mauzo anayokosa kwa saa anazotoka kibandani kwake. Orodha ya wanaofaa haihitaji kutafutwa mbali. Muulizeni mchuuzi yeyote Gikomba, atawapeleka hadi kibandani.

Wauzaji wa mitumba,
Gikomba, Nairobi