Maandalizi ya msimu wa samoni, Mto Tay

Ndugu wanachama,

Msimu wa kuvua samoni kwa mshipi katika Mto Tay, hapa Uskoti, unafunguliwa tarehe 15 Januari na kuendelea hadi tarehe 15 Oktoba, nami ninaungoja kwa hamu kama mnavyoungoja ninyi. Ni katika mto huuhuu ambapo Bi. Georgina Ballantine, mwaka 1922, alimvua samoni wa takriban kilo 29, na rekodi yake ya Uingereza haijavunjwa hadi leo.

Tukumbuke kwamba hadi mwisho wa Machi kila samoni anayenaswa lazima arudishwe majini akiwa hai, kwamba Jumapili hairuhusiwi kumvua, na kwamba kibali cha maandishi cha mwenye haki ya uvuvi ni cha lazima. Kwa maoni yangu, sharti la kurudisha samaki ndilo lenye uzito zaidi, kwa kuwa mwishoni mwa 2023 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, liliwaweka samoni wa Britania katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Kwa hiyo nawasihi mtumie ndoana zisizo na kijino (ncha ndogo inayomzuia samaki kuchomoka) na wavu usio na mafundo, msimwinue samaki nje ya maji, na mmshike taratibu akiwa ameelekea mkondo mpaka aondoke kwa nguvu zake mwenyewe.

Mavazi ya joto na jaketi la kujiokolea ni muhimu, maana maji ya Januari ni baridi mno.

Watakaohudhuria siku ya ufunguzi wanijulishe mapema, ili niombe vibali vyetu kwa pamoja.

Mratibu