Mlinzi aache kuwasha lori kila Jumamosi

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana jambo hili limenikaa rohoni tangu nisome barua ya yule ndugu aliyesema ukipaki lori muda mrefu dawa ni moja tu, unamwachia mlinzi funguo, awashe kila Jumamosi dakika tano au kumi, aache iungurume, alafu azime, basi gari haiharibiki. Mi nimeendesha malori miaka ishirini na ushee njia ya Dar kwenda Tunduma na saivi nimetulia hapa Makambako nahangaika na magari ya watu, na ninachoweza kumwambia huyo ndugu kwa heshima zote ni kwamba hiyo dawa yake ndo sumu yenyewe.

Huku kwetu lori kulala ni kawaida. Mahindi yameshasombwa, mbao zimepungua, mvua zimeanza na barabara za kwenda vijijini hazipitiki, tajiri anapiga hesabu anaona bora Fuso ilale mpaka msimu ujao. Wengine wenye gari wako mbali kabisa, mtu yuko Muscat anatafuta riziki, katuma hela nyumbani ikanunuliwa Scania ya mtumba, dereva akazingua, gari ikawekwa nyuma ya nyumba ya mama inamsubiri mwenyewe arudi. Kuna zile za mirathi ndo usiseme, miezi sita inakuwa mwaka, mwaka unakuwa miwili. Zamani angalau kulikuwa na maumivu ya kukukumbusha, rodi laisensi ilikuwa inahesabika hata kama gari halitembei, ile ikafutwa 2017 mzigo ukahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo siku hizi mtu anapaki bila presha na gari inaoza kimya kimya.

Sasa turudi kwa mlinzi na Jumamosi yake. Injini ya dizeli ikiunguruma silensa, yaani gari limesimama na hujakanyaga mafuta, bila mzigo haipati moto, unaweza ukaiacha robo saa na bado rejeta unaishika kwa mkono. Na watu wengi hawajui kwamba dizeli ikiungua inatengeneza maji, kila lita moja inayoungua inatoa karibu lita moja ya maji kama mvuke. Gari likiwa njiani lina moto mvuke wote unatokea bomba la moshi unapotea, ila injini ikiwa baridi mvuke unageuka maji humohumo, mwingine kwenye ekzosi, mwingine unapenya pembeni ya ringi za pistoni unashuka kwenye oili. Dizeli ambayo haijaungua vizuri nayo inaosha oili kwenye kuta za silinda inashuka nayo chini. Bado betri, umeinyonya kwa kupiga starta alafu dakika tano za silensa mara nyingi hazirudishi ulichochukua, wiki zikipita hivyo betri inakufa na lawama anapewa aliyeiuza.

Haya si maneno ya kusikia. Shemeji yangu mmoja yuko huko huko Uarabuni, Fuso yake ililala miezi minane na kila Jumamosi mlinzi aliwasha kwa uaminifu kabisa, mpaka video alikuwa anamtumia. Nilipoitwa kuiandaa kwa msimu nikafungua mfuniko wa kuwekea oili, nikakuta chini ya mfuniko ute una rangi ya chai ya maziwa. Nikachomoa kijiti cha kupimia, oili imepanda juu ya alama na inanukia dizeli, mlinzi akafurahi eti oili imeongezeka! Tulipowasha bomba lilitema maji meusi kama wino, likachafua ukuta wa jirani tukaanza na kesi ya ukuta kwanza. Bearing za krenki, ile shafti kuu ya injini, zilikuwa zimeshaanza kuliwa. Ile hela ya kuzibadilisha ingelipa mlinzi mwaka mzima.

Kwa hiyo chagua moja. Kama una dereva wa kuaminika gari itoke barabarani mara moja kwa mwezi, itembee kilomita thelathini au arobaini, ipande mlima, injini ichemke sawasawa, breki zishikwe, gia zote ziingie. Kama huwezi, ilaze kabisa na usiiguse mpaka siku ya kuiamsha. Hii ya katikati ndo inayoua.

Kulaza kwenyewe kunaanza na oili, na hapa watu wanakuwa wabishi kwelikweli. Mtu anasema gari linalala, kwa nini nimwage hela kwa oili mpya, nitabadilisha likiamka. Ndugu yangu, oili iliyotumika ina masizi na asidi, ukiilaza nayo inakaa inatafuna bearing miezi yote hiyo. Pasha injini moto, mwaga oili ikiwa ya moto, badilisha na filta, weka mpya, washa tena dakika chache oili mpya ifike kila mahali, zima. Basi, hiyo ndo mara ya mwisho.

Dizeli nayo ina mambo yake. Tenki lililojaa nusu ni baya, nusu ya juu ni hewa, na kwa baridi yetu ya usiku na jua la mchana hewa inaingia na kutoka na inaleta unyevu, maji yanakaa chini ya tenki maana ni mazito kuliko dizeli. Pale maji yanapokutana na dizeli panaota vijidudu, ndio, dizeli inaota vijidudu, utakuta mlenda mweusi umeziba filta na ukifika kwenye injekta pampu, ile inayosukuma dizeli kwenye injini, umekwisha. Dawa ni kujaza tenki karibu pomoni na dizeli ya kituo unachokiamini, kumwaga maji kwenye sedimenta, kile kikombe kinachotenga maji na dizeli, kubadilisha filta ya dizeli, na kuangalia mpira wa mfuniko wa tenki kama umepasuka maana mvua inaingilia hapo hapo. Dawa ya kuua hivyo vijidudu inauzwa kwenye maduka makubwa ya vilainishi mjini, ukiipata weka kipimo kilichoandikwa. Nimekutana na mtu anamwagia mafuta ya taa eti yanahifadhi, hapana, mafuta ya taa ni makavu, pampu inategemea ulaini wa dizeli.

Najua mnachowaza, tenki pomoni lita 400 limeachwa nyuma ya nyumba miezi sita, hiyo si ni kuwawekea wanyonyaji benki? Ni kweli, hiyo ni hela inayozidi milioni na wezi wa dizeli wanaijua harufu yake. Mi huwa napaki upande wa tenki ukibanana na ukuta, mfuniko naufunga kufuli, alafu napima kwa kijiti mbele ya mlinzi na mtu wa familia, naandika sentimita kwenye daftari wote wanaona. Hata hivyo kama mahali penyewe hapana usalama basi lifanye kinyume, limwage tenki lote likauke, ila siku ya kuamka ujue una kazi ya kusafisha tenki na kutoa hewa kwenye mfumo mzima.

Maji ya rejeta sitasema sana, toa maji ya mtoni weka kulanti, ile dawa maalumu ya rejeta. Maji matupu yanaleta kutu na yanatoboa laina za silinda vitundu vidogo kama vya sindano. Na walioko Makete na Kitulo wanajua wenyewe barafu ya asubuhi ya mwezi wa sita na wa saba.

Sasa breki za upepo, hapa nikae kidogo. Lori ukilipaki upepo unaisha wenyewe taratibu, na upepo ukiisha zile springi kubwa kwenye busta za nyuma, yale makopo ya chuma yanayosukuma breki, zinabana breki, ndo zilivyotengenezwa, kwa usalama. Ila lining, ile sehemu ya breki inayosugua, ikibanwa kwenye dramu, lile duara la chuma linalozunguka na tairi, masika nzima inagandana nalo kwa kutu. Niliwahi kumwona dereva kijana anaamsha lori lililolala hivyo, gari halisogei, akaweka gia ya kwanza akakanyaga, akaachia klachi, ukasikia mlio kama bunduki, propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini nyuma, ile pale chini. Busta nyingi zina boliti ndefu imechomekwa ubavuni kwenye mfuko wake, watu wanaiona miaka yote hawajui ya nini, hiyo ndo ya kuivuta springi irudi nyuma breki iachie bila upepo. Weka kwanza magogo mbele na nyuma ya matairi, gari lisije likakukimbia, ndo uguse hiyo boliti. Na nakuomba, usije ukafungua ile bangili inayoshika busta kwa udadisi, springi iliyo ndani inaruka kwa nguvu ya kuua mtu na imeshaua mafundi. Baada ya hapo fungua vikoki vya chini ya tenki za upepo maji yote yatoke.

Matairi jaza upepo sawasawa, shusha mzigo, lori lisilale na shehena. Likikaa muda mrefu zaidi linyanyue, na hapa najua watu watacheka kwa sababu kwetu gari juu ya mawe maana yake imekufa. Sisemi mawe. Jiwe linapasuka, tumia mataruma ya reli au magogo magumu yaliyopangwa vizuri chini ya aksili. Paki kwenye kokoto au sakafu, usipaki kwenye majani, unyevu wa majani unakula chesisi kwa chini.

Betri zitoe, ziko mbili za volti 12 zinafanya 24, anza na waya wa negativu. Zichaji zijae, uziweke ndani kivulini, na kila mwezi au miwili uzipime, ikishuka chini ya 12.4 rudisha kwenye chaja. Ile habari ya betri kuisha chaji kwa sababu imewekwa kwenye sakafu ya saruji ni ya zama za kale, hizi za plastiki hazina shida.

Bomba la moshi na mdomo wa kuingizia hewa ziba kwa kitambaa kizito na nailoni, maana mavu wanapenda sana kujenga humo. Alafu andika kwenye kadibodi kwa herufi kubwa BOMBA LIMEZIBWA USIWASHE, uning'inize kwenye usukani. Funguo ondoka nazo.

Siku ya kuamsha usiwe na haraka. Mwaga sedimenta, toa hewa, toa vitambaa, alafu vuta kamba ya stopu injini isiwake, piga starta sekunde kumi, pumzika, piga tena, mpaka taa ya oili izime. Turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, imelala kavu bila oili, ukiiwasha na kukanyaga mafuta siku hiyo hiyo unaitafuta nyingine.

Mhariri, shemeji wangu nimemweleza yote haya kwa simu na mwaka huu Fuso imelala kama nilivyoandika. Swali lake lilikuwa moja tu, sasa mlinzi Jumamosi atafanya kazi gani na mshahara anapokea? Nikamwambia achukue ufagio apande kwenye bodi, afagie punje zote za mahindi zilizonasa kwenye nyufa za mbao, kwa sababu panya wanafuata hizo punje, na zikiisha wanahamia kwenye waya.

Dereva mstaafu,
Makambako, Njombe.