Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Palizi, kupulizia mikorosho, kuvuna mbaazi na kukusanya korosho hadi ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao, yote yalifanyika. Mlikuwepo, sina haja ya kuyarudia.

Nije kwenye mahindi, maana maneno yamekuwa mengi. Agosti 2023 wengi mlitaka fedha za mfuko zigawanywe. Kamati ikaamua zinunue mahindi ya Songea, gunia 84. Ununuzi, gari na wapakuaji vilikula shilingi 5,964,000. Gunia 9 ziliharibika kwa fukusi na paa kuvuja. Zilizobaki 75 tuliwauzia wanachama kwa mkopo, 75,000 kila gunia, ulipwe baada ya mnada wa korosho. Zimerudi 4,275,000. Zilizo nje ni 1,350,000. Hata mkilipa zote, hasara ni 339,000. Sifichi.

Ila semeni ukweli. Miaka yote ifikapo Februari, muhogo umeisha na mahindi mapya bado yako shambani, mtu anakwenda kwa mnunuzi wa kangomba, yule anayenunua mazao kabla ya kuvunwa, kuuza korosho ambazo mkorosho wenyewe haujatoa hata ua. Msimu huu nani kati yetu aliyechukua mahindi alikula kangomba? Na Mei, Kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar ikakatika Somanga, duka letu lilikaa bila unga. Najua mahindi ya Songea hupita Tunduru na Masasi, si Somanga, nimeshaambiwa. Lakini sisi tulikuwa nayo tayari.

Kuhusu zile gunia 9 zilizoharibika: ufunguo wa ghala anao mhasibu pia. Mimi ndiye niliyependekeza mifuko isiyopitisha hewa, mkutano ukasema ni ghali. Safari nne za Masasi kufuatilia gari nilikwenda kwa pikipiki yangu na mafuta yangu, wala sikuomba posho.

Mahudhurio yanatia aibu. Tuko 63; kikao cha Septemba walikuja 17, na watano waliondoka kabla ya chai. Ada ni 2,000 tu kwa mwezi, wanaodaiwa ni 41, jumla 612,000. Baadhi yao ndio wanaouliza gawio kwa sauti kubwa.

Mwakani, Mungu akipenda, tutatengeneza paa, na tukipata mfadhili tutafikiria mashine ya kusaga.

Daftari la ghala liko nyumbani kwangu. Anayetaka kulikagua aje baada ya alasiri, isipokuwa siku ya gulio.