Mashine ya presha ije mwisho

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Makala yenu kuhusu kusafisha nyumba kwa nje baada ya majira ya baridi kali niliisoma mara mbili. Mwandishi anajua kuandika, ila kazi yenyewe aliianzia mkiani: aya ya kwanza tu, msomaji keshakabidhiwa mashine ya presha, ile inayorusha maji kwa nguvu, na kuelekezwa ukutani. Huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa kuishi kwenye nchi ya theluji, na kosa hilo nililifanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Ilikuwa baridi ya tatu au ya nne tangu nihamie. Theluji ilipoisha, ukuta wa nyuma ulikuwa na michirizi myeusi kuanzia chini ya paa hadi karibu na dirisha la chumba cha kulala. Nikakodi mashine. Nyumba yangu imevikwa mbao zinazopandiana kama magamba ya samaki, na uchafu ulikuwa umejificha kwenye ukingo wa chini wa kila ubao, kwa hiyo nikaelekeza bomba juu, nikafyatua. Hadi alasiri ukuta ulikuwa unang'aa, nami nikapiga picha.

Baada ya wiki mbili hivi niliona rangi imevimba ndani ya chumba, uvimbe wa ukubwa wa kiganja. Nikaubonyeza kwa kidole. Kidole kikazama.

Fundi aliyekuja hakunicheka, lakini alichukua muda kabla ya kusema neno. Mbao za namna ile, aliniambia, zimepangwa kuzuia maji yanayoshuka. Yanayorushwa kutoka chini yanapita katikati yake bila kubisha hodi. Kisha akaweka ngazi, akapanda hadi kwenye gata, ule mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa, akashuka na konzi ya majani yaliyooza. Gata ilikuwa imeziba tangu kabla ya baridi, ikawa inamwagia ukutani kila theluji ilipoyeyuka. Michirizi niliyoikazania siku nzima ilikuwa inanionyesha hilo hilo. Nilifuta machozi bila kuuliza kilio kinatoka wapi.

Aliyetunga methali ya ufa na ukuta, nadhani, hakuwahi kuishi na barafu. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Tone lililoingia kwenye ufa wa zege mchana, usiku linageuka kabari. Kesho yake linayeyuka, linashuka ndani zaidi, linaganda tena. Ndiyo maana wiki za mwisho za baridi, mchana jua na usiku barafu, huumiza nyumba kuliko ile miezi ya katikati ambapo kila kitu kimeganda na kutulia. Ukiona uso wa tofali umebanduka kama ganda la yai, au ngazi ya mlangoni imeinuka upande mmoja, usifikiri imetokea jana.

Kwa hiyo siku hizi ukaguzi wangu naufanya kwenye mvua. Ikinyesha mvua ya kwanza ya maana baada ya theluji, navaa koti na viatu vya mpira, nazunguka nyumba polepole. Majirani wameshazoea. Dakika ishirini za mvua zinakwambia mengi kuliko siku nzima ya jua: gata inafurika wapi, maungio gani yanadondosha, na bomba linaloshusha maji linayatemea wapi. Hili la mwisho ndilo ninalolikuta sana kwa rafiki zangu. Bomba linateremka vizuri, halafu linamwaga maji yote ya paa miguuni pa msingi. Liongezewe kipande kiyafikishe mita moja na nusu au mbili mbali. Na ardhi inayozunguka nyumba iteremke kuelekea nje. Kipimo cha kawaida ni sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza. Baridi huinua udongo na kuushusha, na mteremko uliokuwapo mwaka jana huenda sasa ni kishimo.

Paa nalitazama kwa darubini nikiwa chini. Umri wangu na vigae vyenye maji havipatani. Natafuta vigae vilivyonyanyuka, na bati la kuziba maungio kando ya bomba la moshi. Ukikuta chembechembe kama mchanga mweusi ndani ya gata, vigae vyako vya lami vinachakaa. Ukikuta paa limeota zulia la kijani, tafadhali usilipige kwa presha, maana utaondoka na hizo chembechembe pamoja na zulia.

Bomba la maji la nje lina hila yake. Likipasuka kwa barafu ndani ya ukuta, huoni kitu mpaka ulifungue. Lifungue, kisha ziba mdomo wake kwa dole gumba. Kama dole linayazuia maji bila taabu, huenda maji yameshapata njia nyingine, nayo iko ndani ya nyumba. Mtu mmoja asimame ndani asikilize.

Mbao za baraza na fremu za madirisha nazichoma kwa bisibisi, hasa pale miguu ya nguzo inapogusa zege. Ikiingia kama kwenye keki, rangi mpya haitasaidia kitu. Chumvi iliyomwagwa kuyeyusha barafu kwenye njia isuuzwe mapema, kabla haijala zege na mimea ya pembeni. Rangi na silikoni ya kuziba nyufa zingoje ukuta ukauke. Nyingi hazishiki vizuri chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na usiku nao huhesabiwa.

Yakishakwisha hayo, ndipo tuoshe. Mimi natumia ndoo, sabuni laini na brashi yenye mpini mrefu: sabuni napaka kutoka chini kwenda juu isiache michirizi, halafu nasuuza kutoka juu kwenda chini. Anayetaka kuua ukungu kwa dawa ya klorini asiichanganye kamwe na dawa yenye amonia, kwani mvuke wake ni sumu. Mashine ya presha naiachia zege na mawe.

Juzi mvua ya kwanza imenyesha. Gata ya kaskazini inamwaga pembeni, palepale pa zamani. Ngazi nimeshaiegemeza, mita moja kutoka ukutani kwa kila mita nne za kimo, na kijana wangu ameahidi kuishikilia akiamka.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Ughaibuni