Barua kwa mwanangu kuhusu shamba la jamaa wa msikitini

Mwanangu mpendwa,

Assalaamu alaykum wewe, mke wako na wajukuu zangu. Dada yako amenieleza kwamba mnahama Kampala kabla ya mvua za Machi, pamoja na familia tatu za msikitini kwenu, mkaanze shamba la pamoja upande wa Luweero, mlime na kuswali pamoja, na sehemu ya mavuno iwaendee mayatima. Nilimshukuru Mungu, kisha nikakasirika, kwa sababu habari kubwa kama hii sikustahili kuisikia kwa mtu mwingine.

Ninalotaka kujua ni hili: hicho kibanja, yaani kipande mlichonunua haki ya kukikalia na kukilima ndani ya ardhi ya mtu mwingine, kimeandikwa kwa jina la nani? Nimeambiwa kwamba fedha mlichanga wote wanne, lakini hati ya mauziano ina jina lako peke yako, kwa kuwa ninyi ni ndugu katika imani na mnaaminiana. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, inawaamuru waumini waandikiane deni na kuweka mashahidi, na walioamriwa hivyo mwanzoni walitushinda sana kwa imani. Yaliyotokea baina ya babu yako na wadogo zake unayajua.

Mungu apishie mbali, lakini ukitangulia wewe, kibanja chenye jina lako kitahesabiwa kuwa mirathi yako: mke wako atapata thumuni, yaani sehemu moja ya nane, mimi sudusi, yaani moja ya sita, na kinachobaki kitakuwa cha wanao. Wale wenzako waliouza pikipiki na ng'ombe ili wachangie watasimama mbele ya kadhi wakiwa na nini mkononi? Sitaki kuzeeka nikiwa nimerithi jasho la watu, wala sitaki wajukuu zangu waitwe wezi na watoto waliokula nao sahani moja.

Kisha kuna mwenye mailo, yaani mwenye hati ya ardhi ambayo kibanja kimo ndani yake. Je, aliyewauzia aliwafikisha kwake? Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka mwenye kibanja anayeuza ampe kwanza mwenye ardhi nafasi ya kununua, kwa hiyo muhuri wa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, hautoshi. Busuulu, ile kodi ya kibanja anayolipwa mwenye ardhi, mlipe kila mwaka na mtunze risiti, kwa maana tangu marekebisho ya 2010 mahakama haiwezi kumwondoa mwenye kibanja ila kwa kutolipa busuulu. Sheria hiyohiyo ya 1998 inawaruhusu watu kuunda chama cha kumiliki ardhi kwa pamoja, chenye kamati ya watu watatu hadi tisa, na angalau theluthi yao wawe wanawake. Muulizeni wakili kama njia hiyo inafaa kwa kibanja, na kama haifai, basi iandikwe hati nyingine yenye majina ya wanaume wote wanne na wake zao. Wewe ndiye mwanangu wa kwanza kuingia chuo kikuu, na hapa Bombo hakuna asiyelijua hilo kwa jinsi ninavyolitaja. Inakuwaje nikufundishe mimi mambo ya hati?

Hata zaka yenu inategemea hati hiyo. Zao la mvua hutolewa sehemu ya kumi, na la kumwagilia kwa gharama nusu yake, lakini mkishavuna mahindi, magunia yapi ni ya nani? Muulizeni sheikh kabla ya kupanda.

Nia yenu naipenda, mwanangu, tena naipenda kuliko ile kazi yako ya ofisini, ingawa mshahara wake ndio uliolipa karo ya mdogo wako, na sijui muhula ujao tutafanyaje. Machipukizi ya migomba njooni mchukue kwangu, msinunue barabarani, kwa sababu mnyauko haujaingia shambani mwangu. Ua dume la mgomba mlivunje kwa kijiti chenye panda, msilikate kwa panga, kwa maana panga hubeba ugonjwa kutoka mgomba mmoja hadi mwingine. Mbuzi jike nimemtenga kwa ajili ya wajukuu. Bati la jikoni linavuja tena, na fundi anasubiri fedha.

Mkija kuchukua machipukizi, njoo na nakala ya hati, na wale wenzako watatu waje pia na wake zao. Nitapika chakula cha kuwatosha, lakini hati tutaisoma kabla ya kula.

Mama yako,
Bombo