Baba, Nimenusa Tembo Lako Hemel-en-Aarde

Cape Town, 24 Februari

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi inaendelea, na zile dawa za mgongo nimeshampa mwenzangu anayesafiri mwezi ujao. Naomba mdogo wangu akusomee barua hii jioni, ukiwa umepumzika, na akusomee polepole. Ni ndefu, na ina jambo ambalo nilipaswa kukwambia zamani.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye mashamba ya zabibu ya upande wa bahari. Mwenzetu mmoja wa wodini anastaafu, na alipoulizwa anataka kuagwa vipi alikataa keki na hotuba. Alisema anataka kukaa ndani ya gari siku nzima akitazama bahari, kisha anywe glasi moja ya divai nzuri. Tukachangishana, tukakodi gari na dereva wake, tukawa abiria wanne tu. Basi la watalii lingekuwa rahisi zaidi, lakini basi lina saa zake, na mama aliyesimama usiku kucha miaka yote hiyo akipokea watoto wa watu sikutaka asikie mtu akimhimiza apande upesi. Kujiendesha wenyewe tulikataa mapema. Sheria ya huku inataka kilevi kwenye damu ya dereva kisifike gramu 0.05 kwa kila mililita 100, na kwa dereva wa kazi kisifike 0.02. Ukionja mahali pawili tu, huna haki tena ya kushika usukani.

Na dereva wetu, Baba, alikuwa Mkongo wa Lubumbashi! Nilimsikia akizungumza kwenye simu nikadhani naota. Kiswahili chake si kama chetu, lakini tulielewana tangu salamu. Nilipomuuliza kama tunaweza kupita njia ya pwani badala ya barabara kuu, alifurahi. “Batu benye haraka banapitaka njia ya mulima,” akasema, akakata kulia.

Njia yenyewe inaanzia Gordon's Bay kuelekea Rooi-Els. Mlima uko kushoto kwako, umesimama wima kama ukuta, na kulia ni ghuba inayoitwa False Bay, chini kabisa, maji ya buluu iliyoiva. Tulisimama kila mwenzetu aliponyoosha kidole. Betty's Bay tuliwaona pengwini, ndege wanaotembea wima kama watoto wanaojifunza kusimama, na harufu yao ni kali kuliko ya soko la samaki. Ile bahari usiidhanie kama yetu. Upande wa magharibi wa nchi hii mkondo wa Benguela hupandisha maji ya baridi kutoka kilindini, na upande wa mashariki unateremka mkondo wa Agulhas wenye joto la Bahari ya Hindi. Nilichovya miguu pale Betty's Bay nikaitoa mara moja. Hata Februari, kilele cha kiangazi chao, maji yanauma mifupa.

Baridi hiyo ndiyo siri ya divai yao. Ukifika mji wa Hermanus, kama kilomita 120 kutoka Cape Town, unaipa bahari mgongo na kuingia bonde linaloitwa Hemel-en-Aarde. Ni Kiafrikana, maana yake Mbingu na Ardhi. Vilima vimelizunguka hivi kwamba ukisimama katikati huoni kitu kingine ila hivyo viwili. Mchana jua likiwaka, upepo hutoka baharini ukapanda bondeni na kuyapoza mashamba. Huku nako wana kusi yao, Baba, inavuma kiangazi hadi inapeperusha vitu mezani, na watu wa Cape Town wanaiita Daktari kwa sababu inafagia hewa chafu ya mji. Zabibu wanayoithamini bondeni inaitwa Pinot Noir. Ngozi yake ni nyembamba, joto kali huiharibu, na inahitaji kuiva taratibu. Bila ule upepo wasingeipata.

Shamba la kwanza tulirudishwa getini. Ni msimu wa mavuno, watu wana kazi, na sisi hatukupiga simu kuweka nafasi. Mwenzetu alinyong'onyea kidogo. Dereva hakusema neno, alisogea pembeni, akapiga simu mbili, na baada ya robo saa tulikuwa tumepokelewa kwingine juu zaidi bondeni. Kwa hilo peke yake, pesa ya kumkodi ilikwenda mahali pake.

Mama aliyetupokea ni mtengenezaji wa divai mwenyewe, mikono yake imekuwa ya zambarau hadi kwenye kiwiko. Alitueleza kwamba bonde hili halikuwa la divai zamani. Mtu aitwaye Tim Hamilton Russell alinunua ardhi hapa mwaka 1975, akitafuta mahali pa baridi kusini zaidi ya mashamba ya wenzake, na mavuno yake ya kwanza yalikuwa ya 1981. Wakati huo zabibu za divai zililimwa kwa mgawo maalumu, yaani kwenye ardhi iliyopewa kibali tu, na ardhi yake haikuwa na mgawo. Mfumo huo ulifutwa mwaka 1992. Aliposema hivyo nilikumbuka siku askari walipokuja na kumwaga madumu yako yote ya tembo la mnazi mbele ya nyumba, na wewe ukasimama kimya mpaka walipoondoka, kisha ukachukua kotama yako ukaenda kugema ya jioni.

Kabla ya zabibu, bonde lilikuwa na watu wengine. Kuanzia 1817 wagonjwa wa ukoma waliletwa hapa kutengwa na jamii, na mwaka 1846 wakahamishiwa Robben Island, kisiwa kile kile alichofungwa Mandela. Sisi manesi wanne tulinyamaza kwa pamoja. Mimi nilikuwa nawaza walioteremshwa kwenye mkokoteni mahali pazuri hivi, wakajua kwamba hawatatoka tena.

Na lipo jingine ambalo siwezi kulipita, kwa sababu naliona kazini. Jan van Riebeeck, kiongozi wa kwanza wa Waholanzi hapa, aliandika tarehe 2 Februari 1659 akimshukuru Mungu kwamba divai imekamuliwa kwa mara ya kwanza kutoka zabibu za Cape. Wageni wote huambiwa tarehe hiyo. Lakini mwaka mmoja kabla yake, 1658, ndipo meli za kwanza zilizojaa watumwa zilipotia nanga, na katika miaka iliyofuata waliletwa wengine kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Hao ndio waliopanda, wakapalilia, wakakamua. Utumwa ulifutwa 1834, na bado waliwekwa miaka minne mingine kwa jina la uanagenzi. Tena kulikuwa na utaratibu walioita dop, yaani kipimo cha pombe: kibarua wa shambani analipwa sehemu ya ujira wake kwa divai, mara kadhaa kwa siku, kuanzia asubuhi. Ulipigwa marufuku, lakini uliendelea mashambani hadi miaka ya 1990. Mikoa ya zabibu ya huku ni miongoni mwa sehemu zenye viwango vya juu kabisa duniani vya watoto walioumizwa na pombe tumboni mwa mama zao. Nimewabeba watoto hao mikononi, Baba. Kwa hiyo nilipopewa glasi sikuipokea kwa moyo mwepesi. Nilimuuliza yule mama waziwazi, na namsifu kwa kuwa hakuzungusha maneno. Alisema baba zake walilipa hivyo, na kwamba yeye halali vizuri akilifikiria. Kisha akasema, “Njooni mwone wanaofanya kazi,” akatupeleka ndani.

Ndani ndiko kulikonifanya niandike barua hii.

Kuna meza ndefu ambapo wanawake huchambua zabibu, wakitupa zilizooza na majani. Mikono yao haisimami, na macho yao yanaona doa kabla mimi sijaona kichala. Ng'ambo ya meza kuna mapipa makubwa ya chuma yaliyo wazi juu, na humo zabibu zinachachuka. Maji ya Pinot Noir hayana rangi, sijui kama uliwahi kulisikia hilo. Wekundu wote hutoka kwenye ganda. Maganda hupanda juu yakajifunga kama mkeka mzito, na kijana mmoja alikuwa amesimama juu ya ubao akiyasukuma chini kwa mti mrefu, kazi anayorudia mara kadhaa kila siku. Tulikatazwa kuinamisha uso, kwa sababu hewa inayotoka humo inaweza kumwangusha mtu. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma. Kijana akasukuma, mkeka ukapasuka, harufu ikatoka.

Baba, ilikuwa harufu ya shati lako.

Ile tamu yenye ukali wa mbali, ya tembo lililoteremshwa asubuhi likaanza kuchemka lenyewe kabla ya adhuhuri. Nilishika nguzo. Kisha yule mama akaweka sikio lake kwenye pipa la mbao, akafumba macho, akasikiliza, kama wewe ulivyokuwa ukiinamia dumu na kutuambia tunyamaze. Akaniita nisikilize. Ndani kulikuwa na sauti kama ya mvua ndogo juu ya makuti.

Akaniuliza kama kwetu kuna divai.

Sasa nakuungama. Shuleni, kila fomu ilipouliza kazi ya baba, niliandika “mkulima”. Chuoni pia. Hata nilipoomba kazi hapa. Unakumbuka watoto walivyotuimbia njiani kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji? Sijawahi kukuona ukitia tembo maji, hata tone, hata mwaka ule wa ukame ambapo karara zilitoa nusu kibuyu. Ada yangu yote ilishuka kutoka kwenye minazi ile, na mimi nililificha jina la kazi iliyonisomesha. Nilikuwa na haya, na haya ile haikuwa haki. Nisamehe.

Jumamosi nilimjibu yule mama: “Baba yangu ni mgema.” Ni mara ya kwanza kulitamka mbele ya mgeni.

Akavuta kiti. Wenzangu walikuwa wameshaketi kibarazani na glasi zao, mstaafu wetu anacheka na uso wake umeelekea jua, na sisi wawili tukabaki kule ndani kati ya mapipa. Alitaka kujua kila kitu. Nilimweleza vidato kwenye shina, na jinsi unavyopanda alfajiri na jioni bila kukosa siku. Nilimweleza karara linavyofungwa kamba kabla halijapasuka, linavyoinamishwa kidogo kidogo kwa siku nyingi lisivunjike, na kotama inavyochukua ubale mwembamba kama karatasi ili jeraha libaki bichi. Alishangaa kwamba hutii hamira. Nilimwambia hewa yenyewe inatosha, na kwamba tembo ni tamu asubuhi, kali jioni, na kesho yake linaelekea kuwa siki. Divai yao hulala miezi ndani ya pipa la mwaloni, ikawekwa chupani, ikangoja miaka. Tembo halingoji mtu. Alifikiri sana juu ya hilo, akasema kazi yake ingemshinda kama angekuwa na siku moja tu ya kupatia.

Alitaka pia kujua kama minazi ya karibu na maji hutoa ladha tofauti na ya bara. Yeye ana vipande vya shamba ambavyo anavitenganisha, kila kimoja na pipa lake, kwa sababu udongo wa mfinyanzi wa juu na ule wa chini havimpi divai moja. Nilikumbuka kwamba wewe ulikuwa na madumu mawili, na kwamba la ile minazi mitatu ya mwisho hukulichanganya kamwe. Nilidhani ni desturi tu.

Glasi yangu niliinywa mwishoni, kibarazani. Wengine hutema kwenye ndoo iliyowekwa mezani, ndivyo waonjaji wanavyofanya ili waonje nyingi bila kulewa. Mimi sikuweza kutema. Ilikuwa nyekundu hafifu, unaona kidole chako ng'ambo, na mwanzoni nilidhani ni nyepesi mno, kisha ikabaki mdomoni muda mrefu baada ya kumeza. Mstaafu wetu alikunywa ile moja tu aliyoitaka, akasema imetosha. Tulirudi kwa njia ya milimani kupitia Elgin kwenye matofaa, na tulipofika juu ya Sir Lowry's Pass taa za mjini zilikuwa zimeanza kuwaka. Dereva aliniuliza kwa nini nimenyamaza. Nilimwambia namwandikia baba yangu kichwani.

Liko swali moja ambalo lilinishinda, na nimeahidi kulipelekea jibu. Yule mama aliuliza: kati ya makarara yote yaliyoko juu ya mnazi, mgema anajuaje kwamba hili limefika siku yake ya kukatwa, na lile bado? Yeye huonja zabibu, hutafuna mbegu na kupima utamu kwa chombo. Nilikutazama kutoka chini miaka kumi na minane, na sikuwahi kuuliza. Je, ni rangi? Ni sauti ukiligonga? Ni uzito mkononi? Na ile minazi mitatu, uliitenga kwa nini?

Nijibu, Baba. Mwambie mdogo wangu aandike maneno yako kama unavyoyasema, asibadilishe hata moja.

Nisalimie Mama, na umwambie khanga aliyonitumia ndiyo niliyojifunga siku hiyo.

Ni mimi mwanao