Barua kwa Mwanangu: Mtoto Akae Nyuma

Isevya, Tabora

Mwanangu,

Huku hatujambo. Mvua zimeanza na paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana. Baba yako anasema fundi atakuja Jumamosi, sijui Jumamosi ipi.

Hongera kwa gari, hiyo Toyota Vitz. Umelinunua kwa mshahara wako, hukuingia mkopo wa mtu, na nimewaambia majirani wote. Ila kutujulisha gari likiwa tayari liko Kigoma, bila kumwuliza baba yako hata aina gani uchukue, hilo tutalizungumza ukija.

Nimeandika kwa sababu ya ile picha uliyotutumia. Mume wangu, huyo mjukuu, amepakatwa na dada wa kazi kiti cha mbele, kiganja chake kimetua juu ya dashibodi. Mama, mtoto akae nyuma. Humu nitaandika mengi, kwa sababu hilo ni gari la Japani na kitabu chake ni cha Kijapani, umekiacha kwenye droo. Lakini ukisoma jambo moja tu, soma hilo.

Pale alipoweka kiganja pamefichwa eabegi ya abiria, ule mfuko wa hewa. Inafyatuka kwa mlipuko, kabla hata jicho halijapepesa, na imepimwa kwa mtu mzima aliyefunga mkanda na kuegemea nyuma. Mtoto aliyepakatwa kichwa chake kiko njiani mwa eabegi hiyo. Gari nyingi ndogo za Japani hazina swichi ya kuizima, kwa hiyo usiseme utaizima. Na dada asiseme atamshika. Gari likigonga kwa mwendo wa kilomita 50 tu kwa saa, mtoto wa kilo 11 anavuta mbele kwa nguvu ya zaidi ya kilo 200. Hakuna mikono ya kuzuia hiyo. Kumzungushia mkanda mmoja pamoja na dada ni kubaya zaidi, kwa sababu mwili wa dada ndio utakaombana kwenye mkanda.

Najua utasema nyie tuliwapakata. Tuliwapakata, ndiyo, na mikanda ya nyuma ilikuwa imelala chini ya makalio ya viti bila mtu kuitoa. Haikuwa salama wakati ule pia.

Sasa fanya hivi. Nenda kiti cha nyuma, ingiza vidole kwenye mwanya kati ya egemeo na kalio la kiti, upande wa mlangoni. Kama gari lako linavyo, utagusa vyuma viwili vigumu vilivyoachana kama sentimita 28. Hizo ni nanga za kiti cha mtoto, zinaitwa ISOFIX, na gari za Vitz za matoleo ya mwisho zinazo pande zote mbili za nyuma. Watu wanaendesha miaka mitano bila kujua zipo. Kiti cha mtoto chenye makucha ya aina hiyo kinasukumwa mpaka usikie mlio pande zote mbili. Kisha kama kina mguu wa kusimama sakafuni au mkanda wa juu, nao ufungwe, maana bila huo kiti kinapinduka kuelekea mbele.

Ukipata kiti cha kufungwa kwa mkanda wa gari, pitisha mkanda kwenye njia iliyochorwa kwenye kiti chenyewe, weka goti lako juu yake ukandamize kwa uzito wako wote, halafu vuta mkanda pasibaki ulegevu. Kishike pale mkanda unapopita, ukitikise. Kikicheza zaidi ya sentimita mbili na nusu, rudia. Mkanda wa mtoto mwenyewe ubane mpaka ushindwe kuufinya ukunjike begani. Na kama kiti chake kinaruhusu, atazame nyuma mpaka kimo au uzito wake ufikie ulioandikwa kwenye kibandiko. Kichwa cha mtoto wa umri wake ni kizito na shingo bado laini. Akitazama nyuma, mgongo mzima unapokea kishindo. Kiti cha kutazama nyuma hakiwekwi mbele ya eabegi hata siku moja.

Kiti cha mitumba ulizia kama kimewahi kuwa kwenye ajali, na kagua plastiki kama ina ufa. Wakikuzungusha kwa maneno, achana nacho. Hela ikipungua niambie, maembe mwaka huu yamezaa na asali ya baba yako bado madumu mawili hayajauzwa.

Atalia huko nyuma, najua. Dada akae naye. Kabla hamjaondoka fungua mlango wa nyuma na utazame ubavu wake, upande wa komeo: kuna kiwashio kidogo chenye alama ya mtoto. Kisukume, ufanye vivyo hivyo mlango wa pili. Kuanzia hapo mlango haufunguki kwa ndani, unafunguliwa kwa nje tu. Ujaribu, ukae ndani mwenyewe uone. Kwenye swichi za vioo za mlango wako kuna kitufe cha kufunga vioo vya wengine, nacho ukibonyeze. Gari nyingi ndogo zina kinga ya kutobana kwenye kioo cha dereva pekee, kile kilichoandikwa AUTO. Vioo vingine vinapanda bila kujali kuna shingo au vidole.

Na kuna kitu kingine huko mbele kinachonitia hofu. Miguuni pa abiria, upande wa kushoto, gari za Japani zinakuja na fimbo nyekundu ndani ya kishikizo cha plastiki. Ni fataki ya dharura, sheria yao inaitaka, inawaka moto mkali kwa dakika kama tano. Ya kwako yaelekea muda wake umepita, maana inadumu miaka minne tu. Itoe, iweke mahali mtoto hafiki, na kwa huku tumia vibao vya pembetatu viwili, ambavyo trafiki watakuuliza hata hivyo, pamoja na mtungi wa kuzimia moto. Mtungi utazame mshale uko kwenye kijani, na uufunge usibingirike ukafika chini ya pedali zako.

Ile sauti ya mwanamke anayesema Kijapani kila ukiwasha siyo ubovu. Ni kisoma kadi cha barabara za kulipia za kwao, analalamika kuwa kadi haimo. Fundi wa umeme anachomoa waya mmoja inaisha. Redio nayo kukosa stesheni zetu ni kwa sababu FM ya redio zao nyingi inaishia 90 au 95, na zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kuna kifaa kidogo cha kuunganisha kwenye waya wa antena, bei yake si kubwa.

Mawese ndiyo yaliyobaki moyoni. Baba yako anataka dumu la lita 20 na umeshamkubalia. Dumu hilo lina kilo kama 18. Lisikae juu ya kiti kando ya mtoto, wala juu ya kile kibao cha nyuma ya viti. Breki ya ghafla na litaruka. Liweke sakafuni, nyuma ya kiti cha mbele, limebanwa lisisogee, au kwenye buti likiwa limegusa migongo ya viti. Dagaa wepesi waende juu, vizito chini.

Ukishapakia, gari linainua pua na taa zako za kawaida zinawapiga machoni wanaokuja. Wao watakupigia full, wewe utadhani ni wakorofi. Tafuta kwenye dashibodi, upande wa kulia chini ya usukani, kigurudumu chenye namba kuanzia 0. Ukiwa peke yako kiwe 0. Ukiwa na watu nyuma na mzigo kwenye buti, sogeza 2 au 3 mpaka mwanga ushuke. Namba ikikua mwanga unashuka. Ukishusha mzigo rudisha. Kioo cha katikati nacho kina ulimi kwa chini: ukiuvuta, taa za lori lililo nyuma yako zinafifia.

Lakini usisafiri usiku. Mtoke alfajiri, kilomita karibu 400 si mchezo, na ng'ombe kuanzia Kaliua wanavuka wanapotaka.

Kigoma ni milima, Tabora tambarare imekulemaza. Unaposhuka kutoka Mwanga kwenda stesheni usikae umekanyaga breki mfululizo. Breki zikipata moto sana zinapoteza nguvu, na mguu unafika chini gari haliitiki. Tazama kwenye gia chini ya D: kwa nyingine ni S na B, kwa nyingine 2 na L. Kabla ya mteremko mkali punguza mwendo, kisha vuta gia ishuke hatua moja. Injini itanguruma juu zaidi, usiogope, hiyo ndiyo inayokushikia gari. Ukifika chini rudisha D, la sivyo utamaliza mafuta. Na usiteremke kwenye N ukidhani unaokoa mafuta, unapoteza uwezo wa injini kukushikia gari.

Ukilazimika kukanyaga breki kwa nguvu zote, pedali itatetemeka chini ya mguu na utasikia krrr. Hiyo ni ABS, mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge, inafanya kazi yake. Madereva wengi wanashtuka wakaachia mguu. Usiachie. Kanyaga mpaka mwisho, na uelekeze usukani pale penye nafasi, kwani kazi yake ni kukuachia uwezo wa kukata kona. Kwenye changarawe isikudanganye, gari huchelewa kusimama zaidi, kwa hiyo mwendo uwe mdogo tangu mwanzo.

Betri ikifa, gia itakwama kwenye P na wasukumaji watashindwa. Watu huivuta kwa nguvu wakakata kebo. Kando ya gia kuna kifuniko kidogo au kitufe kilichoandikwa SHIFT LOCK. Vuta hendibreki, kanyaga breki, ingiza ncha ya bisibisi ubonyeze, huku ukisogeza gia kwenda N. Hapo gari linasukumika pembeni. Na kama ufunguo wako ni wa kubonyeza, ndani yake mmefichwa ufunguo wa chuma: sukuma kilimi ubavuni uuchomoe. Ndio utakaofungulia mlango wa dereva siku betri ya ufunguo imekwisha na mtoto yuko ndani. Ujue leo namna ya kuuchomoa, usisubiri siku hiyo. Kuwasha, kanyaga breki, gusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia, ukisikia mlio bonyeza. Usimwache mtoto garini hata kwa kununua vocha. Jua la Kigoma mnalijua.

Inua zulia la buti. Kama kuna tairi jembamba, hilo ni la muda, mwendo usizidi 80, na upepo wake ni mwingi kuliko unavyodhani, 60 kwa kipimo cha PSI. Wajaza upepo watakuwekea 30 ukiwaachia. Kama hakuna tairi bali kopo la gundi na pampu ndogo, basi tafuta spea ya kweli kabla ya safari, saizi ileile iliyo ubavuni mwa tairi zako. Gundi hiyo haizibi tairi lililochanika ubavuni, na ina tarehe ya mwisho. Tairi zenyewe zina namba nne ndani ya duara refu: 3519 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2019. Upepo wa kila tairi umeandikwa kwenye kibandiko ukifungua mlango wa dereva, ufuate huo.

Vitz nyingi hazina mshale wa joto. Taa ya bluu ukiwasha asubuhi ni injini bado baridi, itazima yenyewe. Ikiwaka nyekundu, toka barabarani, zima, na usiguse kifuniko cha rejeta mpaka kipoe kabisa. Taa nyekundu ya birika la oili, hapo hapo zima, usijikongoje hata mpaka gereji inayoonekana.

Ukiwa nyuma ya lori kwenye vumbi, bonyeza kitufe cha gari lenye mshale unaozunguka ndani. Vumbi likipita kitoe, hewa ileile kwa muda mrefu inaleta usingizi. Vioo vikipata ukungu kwa mvua, kitoe pia, washa AC na uelekeze hewa kioo cha mbele. Pembetatu ndogo kando ya alama ya pampu inakuonyesha tundu la mafuta liko upande gani.

Dada ako mkubwa anauliza kama utalala Kaliua kwake. Lala, mtoto apumzike. Binti yake amefaulu, mnunulie daftari. Kitanda cha chumba chako tumekipeleka kwa fundi, mtalala kile cha mbele. Mawese lita 20 tu, baba yako akikupigia akisema 40 mwambie mama amekataa, nafasi ya nyuma ni ya mtoto.

Nipigie ukishapata kiti, kabla hujalipa, unisomee kilichoandikwa kwenye kibandiko chake.

Mama yako